Mwongozo Kamili wa Spika za Masikioni: Zikae Sawasawa, Zisiumize, Zitoe Sauti Yote

Malalamiko makubwa kuhusu spika za masikioni ni matatu: hazina besi, zinadondoka, zinaumiza. Yote matatu, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, chanzo chake ni kimoja, nacho ni kiraba (kile kifuniko laini cha ncha ya spika kinachoingia sikioni) kisicho saizi yako. Mtu ananunua spika za bei juu zaidi, anazitoa kwenye boksi, anavaa viraba vilivyokuja vimevishwa tayari, na baada ya wiki analalamika yale yale. Viraba vingine vya saizi tofauti bado vimo kwenye kimfuko chao, havijafunguliwa.

Kwa hiyo tutaanza na sikio. Sauti tutaifikia, lakini ukiruka hatua za mwanzo, kila utakachokisema kuhusu sauti utakuwa unaihukumu hewa inayovuja, na spika yenyewe hujaisikia bado. Ninazozungumzia hapa ni zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba kwa kiraba, ziwe za waya au za Bluetooth. Zile za plastiki tupu zinazoegemea tu mlangoni mwa sikio haziwezi kuziba, na mengi ya humu hayazihusu.

Lijue sikio lako kwanza

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana wa takriban milimita 7. Haukunyooka, unapinda kidogo kwa umbo la herufi S. Theluthi ya nje imejengwa kwa gegedu, ina vinyweleo na tezi za nta, na inavumilia kuguswa. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno, na ngozi hiyo haina subira. Kiraba kazi yake iko kwenye gegedu. Kikifika mfupani hutahitaji kuambiwa.

Mambo mawili huwapita wengi. La kwanza, masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Kuvaa kiraba kikubwa kushoto na cha kati kulia ni jambo la kawaida kabisa, wala usione haya. La pili, kiungo cha taya kiko mbele ya mfereji, karibu kuugusa, kwa hiyo kila ukifungua mdomo mfereji unabadilika umbo. Ndiyo maana spika iliyotulia ukiwa kimya huanza kujitokeza ukiongea au ukitafuna.

Wapo pia watu ambao wakiingiza kitu sikioni wanakohoa. Hawajifanyi. Tawi la neva ya vagasi linafika kwenye ngozi ya mfereji, na neva hiyo hiyo ndiyo inayoshughulika na koo. Ukiwa mmoja wao, tafuta viraba vifupi vinavyoishia karibu na mlango wa sikio.

Hatua ya 1: Kiraba

Vaa saizi ya kati, kisha jaribu kubwa, hata kama umeamini maisha yako yote kwamba una masikio madogo. Watu wengi huchagua kiraba kidogo kwa sababu dakika ya kwanza kinaonekana laini. Kumbe kidogo hakishiki popote, kwa hiyo unakisukuma ndani zaidi ili kisidondoke, na huko ndani ndiko kunakouma. Kiraba sahihi huingia kidogo tu na kushika chenyewe.

Silikoni ndiyo inayokuja na karibu kila spika. Inaoshwa, inadumu, na haibadilishi sauti sana. Udhaifu wake ni jasho: ngozi ikilowa, silikoni nyororo huteleza. Zipo silikoni zenye uso unaonatanata kidogo ambazo zinasaidia kwa hilo.

Sponji ni habari nyingine. Unaifinya kwa vidole hadi iwe nyembamba, unaiingiza haraka, halafu unaishikilia kwa sekunde 20 hadi 30 wakati inavimba na kuchukua umbo la mfereji wako. Ukiiachia mapema itajisukuma nje yenyewe na utasema haifai. Ikivimba ikiwa mahali pake, hakuna silikoni inayoifikia kwa kuziba sikio lenye umbo la yai au lenye mpindo mkali. Hupunguza kidogo makali ya sauti za juu, jambo ambalo kwa spika yenye kelele za "sss" ni zawadi na kwa spika iliyopoa tayari ni hasara. Inafyonza jasho na nta, haipendi sabuni, na baada ya miezi kadhaa inabidi uitupe. Mimi naona sponji inafaa mtu wa safari ndefu, si mtu wa mazoezi.

Viraba vya ngazi mbili au tatu huingia ndani kuliko vyote na kukata kelele vizuri sana. Etymotic ER-4, iliyotoka mwaka 1991, ilijengwa juu ya wazo hilo, na hadi leo watu wamegawanyika pande mbili kuihusu: wanaoiheshimu kwa sauti yake na wasioweza kuivumilia sikioni hata nusu saa.

Kiangalie kiraba kwa mbele pia, pale sauti inapotokea. Kwa kawaida tundu pana huacha sauti za juu zipite wazi, na tundu jembamba hupunguza mng'aro na kuufanya mdundo uonekane mzito. Ni mabadiliko madogo lakini yanasikika.

Ukitaka kununua viraba vya ziada, pima kipenyo cha kishingo cha spika, yaani kile kimrija ambacho kiraba kinavalishwa. Vingi viko kati ya milimita 4 na 6. Kiraba kilicholegea siku moja kitabaki ndani ya sikio wakati spika imetoka, na kukitoa kwa kibano mbele ya kioo ni kutafuta jeraha. Hilo ni la kwenda kwa mhudumu wa afya. Kwa spika zisizo na waya kuna mtego mwingine: kiraba kirefu au kinene huizuia spika kukaa vizuri kwenye kasha lake. Kifuniko hakifungi, au kinafunga lakini spika haigusi vile vipini vya kuchajia, na asubuhi unakuta upande mmoja hauna chaji. Kabla ya kuvikubali viraba vipya, ziweke spika kwenye kasha, funga, na uone kama taa za chaji zinawaka pande zote mbili.

Hatua ya 2: Namna ya kuvaa

Kusukuma kwa kidole gumba mpaka kitu kigome siyo kuvaa. Fanya hivi: kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma au juu ya kichwa, shika sehemu ya juu ya sikio, livute juu na kwa nyuma. Mfereji unanyooka. Sasa ingiza spika kwa mkono wa kulia ukiizungusha taratibu, kishingo kikielekea mbele kidogo. Achia sikio. Gegedu inarudi na kukifumbata kiraba. Kwa sikio la kushoto geuza mikono.

Ukisikia kitu kinabonyea na kulia kwa udogo ndani ya spika wakati unaingiza, usishtuke. Hiyo ni ngozi ya draiva (kijispika cha ndani kinachotoa sauti) ikisukumwa na hewa uliyoibana kwenye mfereji. Ingiza polepole zaidi, au fungua mdomo wakati wa kuingiza ili hewa ipate pa kutokea. Na unapotoa, zungusha kwanza ili hewa iingie, kisha vuta kwa kushika bodi ya spika. Kuvuta kwa waya kunaua waya, na kuvuta kwa ghafla kunakipa kiwambo cha sikio mvuto wa hewa usio wa lazima.

Spika zenye waya unaopanda juu ya sikio zina faida ambayo watu huichukulia kuwa urembo. Waya unaoning'inia moja kwa moja hupitisha kila msuguano wa shati hadi sikioni, na ukitembea unasikia "dudu, dudu" juu ya muziki. Ukiuzungusha nyuma ya sikio msuguano huo hupungua sana. Hata spika ya kawaida ya waya inaweza kuvaliwa hivyo ukibadilisha kushoto na kulia, ila hapo muziki nao utakuwa umebadilishana pande. Kwa wengi haina shida. Kwa filamu na michezo ya simu ina shida.

Hatua ya 3: Hakikisha pameziba

Hapa ndipo penye thamani yote ya mwongozo huu, na panachukua dakika chache.

Draiva ya milimita 6 au 10 inatikisa hewa kidogo sana. Inaweza kutoa besi nzito kwa sababu moja tu: chumba kati yake na kiwambo chako ni kidogo na kimefungwa. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba kama unywele, shinikizo la besi linatoroka na sauti za juu zinabaki peke yake. Matokeo ni ile sauti nyembamba, kavu, ya kukwaruza, ambayo watu huiita "spika mbovu".

Jaribio la kwanza: spika zikiwa zimezimwa, sema "mmmm" kwa sauti ya kawaida. Pakiwa pameziba, sauti yako itanguruma ndani ya kichwa, kwa nguvu ile ile pande zote mbili. Upande unaonguruma kidogo ndio unaovuja. Kunguruma huko hutokana na mitetemo inayopita kwenye mfupa na gegedu na kukosa pa kutokea.

La pili ndilo ninaloliamini zaidi. Tafuta mlio mtupu wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Programu za kutoa milio ya majaribio zipo nyingi na za bure. Ucheze kwa sauti ndogo, kisha bonyeza spika taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Kama mlio unakua mkubwa unapobonyeza, palikuwa panavuja. Kama haubadiliki, pameziba. Fanya upande mmoja mmoja.

La tatu, fungua mdomo wote, tafuna hewa, geuza kichwa kushoto na kulia, inama, halafu rudia mlio wa hezi 50. Kiraba kilichofaulu ukiwa umekaa kimya na kushindwa hapa kitakusumbua kila siku. Panda saizi moja au hamia sponji.

Programu za watengenezaji wengi zina kipimo chao cha kuziba ambapo spika inacheza muziki mfupi na maiki ya ndani inasikiliza. Kitumie, lakini majibu yake yasikuzuie kufanya jaribio la mdomo.

Hatua ya 4: Kaa nazo saa nzima

Faraja haipimwi dakika ya kwanza. Zivae saa nzima ukifanya kazi zako za kawaida, kisha uliza ni wapi hasa panapouma.

Maumivu ya pete, kuzunguka mlango wa tundu, maana yake ni kiraba kikubwa au kigumu mno. Shuka saizi au tafuta silikoni nyembamba. Maumivu ya nukta moja kwenye kibonde cha nje ya tundu, hasa pale gegedu inapojikunja juu ya ndewe, si ya kiraba: ni bodi ya spika inayogandamiza. Jaribu kuizungusha nyuzi chache, au tumia kiraba kirefu zaidi kinachoisogeza bodi nje kidogo. Ikishindikana, umbo la spika hiyo si lako na hakuna kiraba kitakacholibadilisha. Maumivu ya ndani, yenye kuchoma, yanasema umeingiza mbali mno. Kuwasha bila kuuma mara nyingi ni jasho au uchafu, lakini pakiwa pekundu na pakitoka magamba inaweza kuwa ngozi inakataa malighafi ya kiraba. Acha kuzivaa, pakipona jaribu kiraba cha malighafi nyingine.

Uzito unasumbua chini ya unavyodhaniwa. Spika ya gramu 6 iliyokaa vizuri inasahaulika, na ya gramu 4 inayoning'inia kwenye kiraba kinacholegea inachosha. Kama unakimbia, vibawa vya raba au kiopoo kinachopita juu ya sikio husaidia, kwa sababu vinauondolea mfereji kazi ya kubeba.

Wanaolala upande mmoja na spika masikioni wanataka kitu tofauti kabisa: bodi isiyotokeza nje ya sikio. Spika yenye mkia au bodi nene itasukumwa ndani na mto usiku kucha.

Hatua ya 5: Sasa sikiliza

Ukizilinganisha spika mbili, linganisha kwanza ukubwa wa sauti. Sikio hudanganywa kirahisi: ile inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi itaonekana bora hata kama ndiyo mbovu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba kwa sauti ndogo sikio husikia besi hafifu kuliko sauti za kati, na pengo hilo hupungua sauti ikipanda. Kwa hiyo ukiongeza sauti unajiongezea besi bila spika kubadilika. Cheza mtu anayezungumza, rekebisha hadi sauti yake ilingane kwenye spika zote mbili, ndipo uanze kuhukumu.

Anza na sauti ya binadamu. Chagua wimbo unaoujua kwa moyo, wenye mwimbaji mmoja aliye mbele. Anapaswa kusimama katikati ya kichwa chako. Akihamia upande mmoja, ama upande wa pili unavuja, ama kiwavu chake, ule wavu mdogo mdomoni mwa kishingo, kimeziba. Akisikika kama yuko nyuma ya mlango, sauti za kati zimezama. Akikupigia kelele, zimepandishwa mno.

Hapo kuna jambo la kupendeza. Mfereji ulio wazi una mwangwi wake wa asili unaoinua sauti zilizo karibu na hezi 3,000, na ubongo wako umeuzoea tangu utotoni. Ukiuziba kwa kiraba, mwangwi huo unapotea. Spika nzuri hurudisha kilima hicho kwa makusudi, ndiyo maana mchoro wa sauti (unaoonyesha kila sauti, ya chini hadi ya juu, inatoka kwa nguvu kiasi gani) ulio bapa kabisa ukiuweka ndani ya sikio unasikika mfu. Mchoro uliotokana na kazi ya mtafiti Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, ambao watengenezaji wengi sasa wanaufuata au wanaukwepa kwa kujua, una kilima hicho pamoja na besi iliyoinuliwa kiasi.

Halafu sikiliza "s" na "sh". Zikichoma, usiilaumu spika mara moja. Mfereji ulioziba hutengeneza mwangwi mpya, kwa kawaida kati ya hezi 7,000 na 9,000, na mahali pake panategemea umbali kati ya kishingo na kiwambo. Isogeze spika ndani kwa milimita moja au mbili na mwangwi unapanda juu. Itoe kidogo na unashuka. Nyimbo zile zile zinazochoma zinaweza kutulia kwa kubadilisha kiraba tu. Ndiyo sababu watu wawili wanaosifu na kuponda spika moja wanaweza wote kuwa wanasema kweli.

Kwenye besi, wingi usikuvuruge. Sikiliza kama kila pigo la ngoma lina mwanzo na mwisho, na kama gitaa la besi linapiga noti tofauti au linanguruma mahali pamoja. Besi inayofunika sauti ya mwimbaji inafurahisha dukani na kuchosha nyumbani.

Yaliyoandikwa kwenye boksi yachukulie kwa hadhari. "Hezi 20 hadi 20,000" bila kueleza sauti inapanda na kushuka kiasi gani katikati haikuambii lolote. Wingi wa draiva nao si ubora: draiva moja iliyorekebishwa vizuri inaishinda nane zisizoelewana. Na bei? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, zikiwemo za kuingia sikioni, na hakupata uhusiano kati ya bei na umbo la mchoro wa sauti. Bei hununua vitu vingine: uimara, mfumo wa kukata kelele, maiki, dhamana.

Hatua ya 6: Ikwalaiza, kwa mkono mwepesi

Ikwalaiza, yaani vidhibiti vya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na za juu, usiiguse kabla hatua ya 3 haijapita. Kuongeza besi kwenye spika inayovuja ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Punguza kabla ya kuongeza. Ukiona besi ndogo, jaribu kushusha sauti za kati na za juu kwa desibeli 2 au 3 kisha upandishe sauti yote kwa jumla. Ukilazimika kuongeza sehemu fulani kwa desibeli 4, shusha kiwango cha jumla cha ikwalaiza kwa desibeli 4 pia, vinginevyo muziki utapasuka kwenye vilele. Kwa "sss" zinazochoma, cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 5,000 hadi 10,000, uone ni wapi unapokuruka masikioni, ukate hapo tu kwa ufinyu. Mipangilio ya tayari yenye majina kama Roki na Jazi mimi huizima yote.

Kelele za nje na kiwango cha sauti

Mfumo wa kukata kelele, ambao wazo lake limo kwenye hataza ya Paul Lueg ya mwaka 1936 nchini Marekani, hufanya kazi vizuri kwa ngurumo za chini zinazoendelea: injini, feni, ndege. Juu ya takriban hezi 1,000 nguvu yake inapungua, na sauti za watu wanaoongea huzuiwa zaidi na kiraba chenyewe. Kwa maneno mengine, mfumo huo nao unategemea pameziba kiasi gani. Baadhi ya watu huhisi mgandamizo sikioni ukiwashwa. Shusha kiwango chake ikiwa programu inaruhusu.

Faida yake kubwa kwa afya ni kwamba huhitaji kupambana na kelele kwa kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linatoa kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu, hivyo kwa desibeli 90 unabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwa watoto kikomo ni desibeli 75. Simu nyingi siku hizi hupima jambo hili zenyewe ndani ya mipangilio ya sauti au ya afya; ifungue uone wiki yako ilikuwaje. Masikio yakivuma au yakiwa mazito baada ya kusikiliza, tayari umepita kiasi, na hapo ndipo ile methali ya sikio la kufa inapoacha kuwa methali.

Barabarani washa hali ya kupitisha sauti za nje au vua upande mmoja.

Bluetooth na simu

Kodeki ni namna ya kufinya sauti ili ipite hewani, na ile ya SBC ipo kwenye kila spika ya muziki ya Bluetooth ya mfumo uliozoeleka. AAC, aptX na LDAC ni za ziada, na LDAC inafika hadi kilobiti 990 kwa sekunde mawimbi yakiwa mazuri. Tofauti zipo, ila ni ndogo kando ya tofauti ya kiraba. Kinachowasumbua watu kweli ni hiki: uko kwenye kikao cha mtandaoni kwa kompyuta, na ghafla sauti yote inakuwa ya simu ya zamani. Maiki ya spika ilipowashwa, Bluetooth ilihamia kwenye mfumo wa mazungumzo wenye nafasi finyu. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua maiki ya kompyuta badala ya ya spika, na muziki unarudi ulivyokuwa.

Kwa waya tatizo la namna hii halipo. Ila spika nyepesi kuendeshwa zinaweza kutoa "shhh" hafifu zikichomekwa kwenye amplifaya yenye nguvu nyingi.

Usafi, na upande mmoja unapofifia

Nta hutembea yenyewe kutoka ndani kuja nje, na spika unayoivaa kila siku inaizuia njiani. Vua viraba mara moja kwa wiki. Vya silikoni vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Geuza spika ili kiwavu kitazame chini, kisha kipige taratibu kwa brashi laini iliyo kavu ili uchafu udondoke nje. Ukikisugua kikiangalia juu unausukuma uchafu kwenye draiva. Usimimine wala kupuliza kimiminika chochote kwenye kiwavu. Pamba za vijiti zitumie kwenye vipini vya kasha, si sikioni.

Alama za kinga ya maji zisome hivi: IPX4 ni kinga dhidi ya matone; IPX7 ni kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Kasha la kuchajia mara nyingi halina kinga hiyo, kwa hiyo zifute spika zenye jasho kabla ya kuzirudisha, la sivyo vipini vitashika kutu. Na usiazimane spika na mtu bila kubadilisha viraba.

Upande mmoja ukififia, usikimbilie kununua nyingine. Safisha kiwavu. Angalia mipangilio ya simu kama mizani ya kushoto na kulia iko katikati. Kisha badilisha spika: ya kushoto ivae kulia na ya kulia kushoto, hata kama zinakaa vibaya kwa muda huo mfupi. Udhaifu ukihama pamoja na spika, tatizo ni la spika, nalo huenda liko chini ya dhamana. Ukibaki kwenye sikio lile lile, tatizo ni la sikio: pengine ni nta iliyojaa, na kuna watu wa kuitoa kwa usalama. Lakini usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, kwa saa chache au usiku mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba yake inategemea kuwahi.